Dawa ya maji si dawa ya kidonda cha samaki

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi gazetini tuzungumzie jina moja linalowaponza samaki wa majumbani: "dawa ya maji." Mama mwenye nyumba akisema dawa ya maji, anamaanisha kile kichupa au kidonge cha klorini anachotia kwenye dumu ili watoto wasiharishe. Mwenye tangi la kioo akiingia duka la samaki wa mapambo na kuomba dawa ya maji, anapewa kitu chenye kazi iliyo kinyume kabisa, yaani cha kuiua ile klorini. Chupa hizo mbili hukaa rafu moja jikoni. Siku samaki anapong'atwa pezi na mwenzake, mtu hukimbilia iliyo karibu na mkono. Na hata akiipata ile sahihi, huimimina akiamini anatibu kidonda. Anachotibu ni maji. Kidonda atakifunga samaki mwenyewe, maji yakimruhusu.

Tuanze na kidonda chenyewe, maana ukikielewa utajua ununue nini. Samaki wa maji baridi, yaani wa mito na maziwa, ana chumvi ya karibu gramu 9 katika kila lita ya damu, ilhali maji anamoogelea kwa kawaida hayana hata gramu moja. Kinachomzuia asijae maji ni ngozi, magamba na ule ute unaomfanya aponyoke mkononi. Gamba likibanduka, ukuta umetoboka: maji yanaingia, chumvi za mwili zinatoka, na figo zinahangaika mchana kutwa kuyatoa maji hayo kama mkojo mwepesi. Nguvu inayokwenda huko ndiyo ambayo ingefunga jeraha. Ute nao ni kitu hai. Una vimeng'enya na kingamwili, hudondoka na kutengenezwa upya muda wote, na maji mabaya huuchubua hata kabla ya bakteria kufika.

Mchubuaji wa kwanza ni klorini. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya bomba yamfikie mtumiaji yakiwa na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita, na ni sawa, kwa sababu klorini hiyo ndiyo inayotukinga na kipindupindu. Kwa samaki hesabu ni nyingine. Kikomo kilichowekwa na mamlaka ya mazingira ya Marekani kwa viumbe wa maji baridi ni miligramu 0.019 kwa lita kwa muda wa saa moja. Maji salama kabisa kwa mtoto yana klorini mara kumi ya kikomo hicho. Huunguza matamvua kwanza, kisha nyama iliyo wazi kwenye jeraha.

Sasa, maji yako yana klorini kiasi gani? Dar es Salaam hupata sehemu kubwa ya maji yake ya bomba kutoka mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, lakini yanapofika kwenye tangi la samaki huwa yamepita kwingi: kisima cha chini cha nyumba, simtanki la juu ya paa, pengine boza. Yaliyokaa siku tatu kwenye simtanki yanaweza kuwa hayana klorini tena. Yaliyoletwa na boza asubuhi, au yaliyotupiwa vidonge na mwenye nyumba, yanaweza kuwa nayo nyingi. Kidonge cha miligramu 67 kinachotibu dumu la lita 20 huacha takribani miligramu 2 kwa kila lita, yaani zaidi ya mara mia ya kikomo tulichokitaja. Tena klorini ya vidonge vya namna hiyo huja pamoja na asidi ya sayanuri, ambayo huikinga isiharibiwe upesi na jua. Ule ushauri wa kuanika ndoo juani kutwa nzima unafaa kwa klorini ya bomba. Kwa ya vidonge, usiutegemee.

Dawa ya kukisia ni kupima. Vifaa vya kupimia klorini ya bwawa la kuogelea vinafaa. Kipimo cha rangi ya manjano kitakuambia kama klorini ipo au haipo, na hicho kinatosha kwa kuanzia. Kile cha rangi ya waridi chenye sehemu mbili ni bora zaidi, kwa sababu hutenganisha klorini huru na klorini jumla. Ukitoa ya kwanza kwenye ya pili, kinachobaki ni kloramini, yaani klorini iliyoshikana na amonia. Usiisahau tofauti hiyo, maana ndiyo inayoamua chupa ya kununua.

Chupa za dukani, wanazoziita kondishona, hufanya kazi moja au zaidi kati ya hizi: kuondoa klorini, kuifunga amonia, na kufunika kidonda. Lebo nyingi hupiga kelele kuhusu kazi ya tatu na kunong'ona kuhusu mbili za mwanzo, ilhali kwa samaki aliyejeruhiwa umuhimu wake umekwenda kinyume na kelele hizo.

Kazi ya kuondoa klorini hufanywa zaidi na sodiamu thiosalfeti, fuwele nyeupe ambazo mafundi picha wa zamani walizijua kwa jina la "haipo" (hypo). Ni rahisi, haina madhara kwa samaki kwa kipimo cha kawaida, na humaliza kazi ndani ya dakika chache. Mwenye mizani ndogo anaweza kuitengeneza mwenyewe: gramu 10 za fuwele safi katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Kila mililita itakuwa na miligramu 10. Kanuni ya kawaida ni miligramu 7 za fuwele kwa kila miligramu moja ya klorini. Dumu la lita 20 lenye klorini 0.5 kwa lita lina miligramu 10 za klorini, kwa hiyo linahitaji miligramu 70, sawa na mililita 7. Tia 10 uwe na akiba. Dumu lililotiwa kidonge kile cha miligramu 67 litataka mililita 28, sema 30. Koroga, subiri dakika 5, pima tena. Mchanganyiko huo hudhoofika ukikaa, basi uweke kwenye chupa ya kahawia mbali na joto na utengeneze mpya kila baada ya miezi michache. Jihadhari na ile "haipo" ya studio iliyokwisha kuchanganywa na asidi na vigumishi vya kusafishia picha. Hiyo si ya samaki hata kidogo.

Thiosalfeti peke yake ina kasoro moja. Ikikutana na kloramini huvunja kile kifungo, ikaiua klorini na kuiacha amonia huru. Maji yenye kloramini ya miligramu 2 kwa lita yatabaki na amonia ya kama miligramu 0.4 hadi 0.5. Wasomaji wenu walioko Marekani wako kwenye hatari hii zaidi, kwa kuwa miji mingi kule hutumia kloramini kwa makusudi. San Francisco, kwa mfano, ilihamia huko mwaka 2004. Huku kwetu kloramini huzaliwa kwa bahati mbaya, pale klorini inapotiwa kwenye maji ya kisima yaliyochanganyika na uchafu wa vyoo, au mtu anapomwaga maji ya bomba moja kwa moja kwenye tangi ambalo tayari lina amonia ya kinyesi cha samaki.

Ubaya wa amonia hutegemea pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Kwenye nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia moja ya amonia katika umbo lake la sumu. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5, na kwenye pH 9 inapita theluthi moja. Sasa fikiria anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao hutaka pH ya 8.6 hadi 9. Kiasi kile kile cha amonia ambacho gapi, yule samaki mdogo wa mapambo, kwenye maji laini ya Nairobi angekivumilia, kwa samaki wa Kigoma ni moto kwenye kidonda kibichi. Kwa matangi ya namna hiyo, na ya mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa ambao kupigana ndiyo tabia yao, chagua chupa inayosema wazi kwamba inashughulikia kloramini na amonia pia. Prime ya Seachem na AmQuel ya Kordon ni za kundi hili. Uwezo wake wa kuifunga amonia ni wa muda, watengenezaji wa Prime wenyewe hutaja siku moja hadi mbili, baada ya hapo bakteria wa kwenye chujio, wale wanaokula amonia, wawe wameipokea. Pasipo na chujio lililokomaa umeahirisha tu tatizo.

Na ukitumia chupa za kundi hili, usipime amonia kwa kipimo cha Nessler, kile kinachogeuka kahawia. Kitakudanganya. Tumia cha salisileti, kinachogeuka kijani, ukijua kuwa nacho huonyesha amonia yote, iliyofungwa na iliyo huru.

Kazi ya tatu, kufunika kidonda, ndiyo inayouza. Stress Coat ya API ina utomvu wa alovera. Nyingine zina polima ziitwazo PVP, zinazojipaka kwenye ngozi kama utando mwembamba. StressGuard ya Seachem hutumia chembechembe zinazoshikamana na protini za nyama iliyo wazi. Hukumu yetu ni hii: zinasaidia kidogo, mahali maalumu. Samaki aliyebanduka magamba kwa wavu, aliyechubuka ubavu kwenye jiwe, au aliyetoka safari ya mfuko wa plastiki kutwa nzima atapata nafuu utando huo ukimpunguzia chumvi inayovuja wakati ute wake unarudi. Lakini utando wa chupa hauna kingamwili, hauui bakteria, na haufuti amonia. Ukiwa na fedha ya chupa moja tu, nunua ya kloramini na amonia, kisha ongeza chumvi ya dukani, ambayo tutaieleza hapa chini. Ukiwa na fedha ya mbili, ya pili ndiyo iwe ya kufunika. Kwa pezi lililochanika bila nyama kuonekana, hiyo ya pili huihitaji.

Wapo wanaoamua kukata jani la mshubiri bustanini na kulikamulia kwenye tangi, kwani si chupa imeandikwa alovera? Msifanye hivyo. Chini ya ganda la jani kuna utomvu wa manjano, mchungu, ambao watengenezaji huuondoa. Na ule mlenda mbichi huoza tangini, bakteria wakaufanyia karamu na kumaliza oksijeni usiku.

Jani ambalo pwani tunalo la bure na lina maana yake ni la mkungu, mti ule wa kivuli wa ufukweni, tusichanganye na mkungu wa ndizi. Lililoanguka lenyewe na kukauka hadi kahawia hutoa tanini zinazogeuza maji kuwa rangi ya chai, na wafugaji wa betta, samaki wapiganaji, katika Asia ya kusini-mashariki wamelitumia kwa muda mrefu. Jani moja la wastani kwa dumu moja au mawili ya maji latosha, unalibadilisha baada ya wiki mbili au tatu. Huvuta pH chini kwenye maji laini, kwa hiyo lisitiwe kwa samaki wa Tanganyika. Kwenye maji magumu ya kisima halitabadilisha pH, litabaki rangi tu. Usiokote chini ya miti ya kando ya barabara kuu wala iliyopuliziwa dawa ya wadudu.

Tufike kwenye chumvi, ambayo haina lebo nzuri wala haitangazwi. Tulisema samaki mwenye kidonda hupoteza chumvi na kujaa maji. Ukiongeza chumvi kidogo kwenye maji, pengo kati ya damu na maji linapungua, na kazi ya figo inapungua nayo. Chumvi ya mawe isiyo na viungo inafaa. Anza na gramu 1 kwa lita. Kwa ndoo ya lita 20 ni gramu 20, sawa na vijiko vitatu vya chai vilivyosawazishwa na kuzidi kidogo. Iyeyushe kwanza kwenye jagi, maana punje ikimwangukia samaki humuunguza. Baada ya saa 12 ongeza kiasi kile kile ufike gramu 2. Kwa goldfish, gapi na wengi wa jamii ya sato na mbuna unaweza kufika 3. Kambale wadogo wa Corydoras hawaipendi, na mimea mingi ya tangini hunyauka, ndiyo maana kazi hii ifanyike kwenye chombo cha pembeni.

Kosa kubwa la chumvi ni la hesabu. Chumvi haipai na mvuke. Maji yakipungua kwa joto la Dar, ongeza maji matupu. Ukitoa lita 10 na kurudisha lita 10, tia chumvi ya zile lita 10 peke yake, yaani gramu 20 kama unashika gramu 2 kwa lita. Mtu anayetia dozi nzima kila anapobadilisha maji hufika gramu 5 au 6 ndani ya wiki, halafu anashangaa samaki amelala ubavu.

Chombo cha mgonjwa hakihitaji anasa. Ndoo nyeupe ya chakula ya lita 20 inamtosha samaki wa sentimita 5 au 6. Mkubwa zaidi apate lita 40. Ndani tia sponji la pampu ya hewa lililokaa angalau mwezi mmoja kwenye tangi kubwa ili lije na bakteria wake, na kipande cha bomba la PVC cha kujifichia. Mchanga na mawe viache, kwa sababu kidonda kikigusa mawe hakifungi. Mchote samaki kwa jagi badala ya wavu, na mkono ukibidi umguse, uwe umelowa. Chombo kikiwa cha kioo, funika pande tatu kwa kitambaa, asijione kwenye kioo wala kuona watu wanaopita. Siku ya kwanza asilishwe. Baada ya hapo chakula kidogo, anachokimaliza ndani ya dakika moja.

Kila siku badilisha robo hadi theluthi ya maji. Maji mapya yatibiwe kwenye ndoo nyingine kwanza, yapimwe, yalingane joto na ya zamani kwa tofauti isiyozidi nyuzi 1 au 2, kisha yaingie taratibu. Ukitibu kwenye ndoo, dozi ni ya ndoo. Ukijaza tangi kubwa kwa mpira moja kwa moja, dozi ni ya tangi zima hata kama umetoa robo tu, na itangulie kutiwa kabla bomba halijafunguliwa. Ujazo wa tangi usikisie: pima urefu, upana na kimo cha maji kwa sentimita, zidisha, gawanya kwa 1,000. Tangi la 60 kwa 30 lenye maji ya kimo cha 26 lina lita 46.8 kabla hujatoa nafasi ya mawe, wala si zile 60 alizotaja muuzaji.

Joto nalo lina pande mbili. Jeraha hufunga polepole kwenye baridi, kwa hiyo Arusha, Iringa na Nairobi samaki wa kitropiki atahitaji hita ifikishe 26. Dar hewa yenyewe inatosha. Kupandisha hadi 30 "ili apone haraka" ni kubahatisha, kwa kuwa maji ya nyuzi 20 yakijaa oksijeni hubeba kama miligramu 9 kwa lita, na ya nyuzi 28 hayafiki 8. Umeme ukikatika ndipo utakapoona tofauti hiyo. Pampu ikizimika, chota maji kwa kikombe na uyamwage kutoka juu mara kwa mara, usilishe, na usitie kondishona ya aina yoyote hadi hewa irudi. Zile zinazoondoa klorini na kufunga amonia zina asili ya kunyonya oksijeni zikizidi, na ndiyo maana samaki aliyepewa dozi mara tano "kwa upendo" huonekana akihema juu ya maji.

Kuchanganya dawa ndiko kunakoua wengi. Potasiamu pamanganeti na thiosalfeti hufutana: ukitia moja juu ya nyingine umetupa zote mbili. Methilini bluu ikipoteza rangi ghafla baada ya kutia Prime, ujue imezimwa, haijaisha kazi. Dawa za shaba za vimelea ni hatari zaidi, kwa kuwa kondishona zenye kunyonya oksijeni huweza kuigeuza shaba ikawa sumu kali kuliko ilivyokusudiwa, na zile zenye EDTA, kemikali inayoshika metali, huifunga isifanye kazi. Seachem wenyewe huonya kutokuitumia Prime pamoja na shaba. Utaratibu mzuri ni kutibu maji siku moja kabla, kwenye ndoo, kisha dawa ifuate siku ya pili ikiwa kweli inahitajika. Mkaa wa chujio utolewe wakati huo, maana hunyonya dawa na hata ule utando wa alovera. Wenye matangi ya bahari wazime skima, kile kifaa kinachotoa uchafu kwa povu, wanapotia chupa za kufunika kidonda. Wasipoizima, povu litamwagika sebuleni.

Na zile kapsuli za rangi mbili zinazofunguliwa na kumwagwa tangini? Tetrasaikilini kwenye maji magumu hushikana na kalsiamu na magnesiamu, sehemu kubwa isimfikie samaki. Inayobaki hudhuru bakteria wa sponji, amonia inapanda, na bakteria wabaya wanaosalia hujifunza kuistahimili. Mwenye nyumba huyo huyo atazihitaji kapsuli hizo siku mtoto akiugua.

Namna ya kujua kama uchaguzi wako unafaa ni kuangalia kidonda, kwa tochi, kila jioni. Ngozi ya samaki hutambaa upesi. Mkwaruzo mdogo huanza kufunikwa ndani ya saa kadhaa. Kingo za pezi zikionyesha utando mwangavu, usio na rangi, hilo ni pezi jipya. Wengi huliona wakadhani ni ukungu na kuanza kumwaga dawa. Ukungu wenyewe huwa kama pamba, nyuzi nyeupe zinazosimama juu ya jeraha. Kuna na ugonjwa wa bakteria unaofanana na pamba ila umelala bapa, wa kijivu, mara nyingi mdomoni au kama tandiko mgongoni, na hukimbia kwa kasi kwenye maji ya joto. Huo ukiushuku, usipandishe joto hata kidogo. Wekundu unaosambaa kuzunguka kidonda, shimo linalochimbika, tumbo kuvimba na magamba kusimama: hapo kondishona imefika mwisho wake, mtafute daktari wa mifugo anayejua samaki.

Tuseme pia yale ambayo hakuna chupa ya aina hii itakayoyaondoa. Floridi ya visima vya Arusha na Meru haiondoki. Chumvi ya visima vya karibu na bahari haiondoki. Nitreti iliyojikusanya kwa kutobadilisha maji haiondoki. Maji ya namna hiyo changanya na ya mvua safi au tafuta chanzo kingine.

La mwisho ni la wenye maduka. Wengi hununua chupa kubwa na kugawa kwenye vichupa visivyo na neno lolote. Mteja anaambiwa "matone kadhaa." Lakini Prime ni mililita 5 kwa lita 200, StressGuard mililita 5 kwa lita 40, na AquaSafe ya Tetra inayouzwa Ulaya ni mililita 5 kwa lita 10. Kati ya ya kwanza na ya mwisho kuna tofauti ya mara ishirini, na hizi zote kwa mteja ni "dawa ya maji." Juu ya hilo lebo za Marekani hupima kwa galoni. Galoni yao ni lita 3.8, wakati kwetu mtu akisikia galoni anaona dumu. Aliyesoma Stress Coat ni mililita 5 kwa galoni 10 akahesabu madumu kumi ya lita 20 ametia chini ya moja ya tano ya kinachotakiwa, na klorini imebaki pale pale.

Kwa hiyo tunawaomba waandike kwenye kila kichupa jina la asili, tarehe ya kumimina, na kipimo kwa dumu la lita 20: Prime nusu mililita, StressGuard mililita 2.5, Stress Coat mililita 2.6 kwa klorini na mara mbili yake kwa samaki aliyechubuka, AquaSafe ya Ulaya mililita 10. Na wampe mteja bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano, kwa sababu nusu mililita haipimiki kwa kifuniko.

Wafugaji wa samaki wa mapambo,
Dar es Salaam